Majira matatu ya baridi jangwani Arizona: kambi tuliyoijutia na ile tunayoirudia

Tangu nistaafu uuguzi hapa Minnesota, mimi na mzee wangu huikimbia theluji kila Januari kwa kuvuta trela letu la kulala hadi Arizona, ambako mchana wa mwezi huo joto hufika nyuzi 20 hivi. Tumekaa huko misimu mitatu, na kwa kuwa wastaafu wenzangu huniuliza tulichaguaje kambi ya kuegeshea trela, naona afadhali nieleze na makosa yetu.

Msimu wa kwanza tulichagua kwa kutazama picha. Ilikuwa kambi ya watu wa miaka 55 na kuendelea mjini Yuma, yenye mabwawa mawili ya kuogelea na ukumbi wa dansi, nasi tukalipa kodi ya miezi mitatu kabla hatujauona hata mlango wake. Kiwanja tulichopewa kilikuwa chembamba kiasi kwamba nikifungua dirisha la jikoni nilitazamana na jirani akipiga mswaki, na kwa upande wa pili jua la alasiri lilipiga moja kwa moja kwenye friji, ambayo ilinguruma mpaka usiku. Umeme, niliodhani umo ndani ya kodi, ulisomwa kwenye mita na kudaiwa kando, jambo ambalo baadaye niligundua ni la kawaida kwa wanaopanga kwa mwezi. Tulipoomba kuhamishwa, ofisi ilitujibu kwa adabu kwamba kumejaa hadi Machi na fedha hazirudishwi. Katika mabwawa yale mawili niliogelea mara nne.

Mwaka uliofuata, kwa hasira, tulikwenda La Posa, jangwa la serikali lililo kusini mwa mji mdogo wa Quartzsite, ambako tulilipa dola 40 kwa siku 14. Kibali cha msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, kilikuwa dola 180. Hapo kiwanjani hakuna bomba wala waya: umeme ni wa sola yako, maji unayafuata kituoni, na majitaka unayapeleka mwenyewe. Mzee wangu alipapenda mno. Alipoambiwa kwamba kaburi la Hi Jolly mjini humo, lenye piramidi ya mawe na sanamu ya ngamia juu yake, ni la Haji Ali, aliyeletwa mwaka 1856 kuhudumia ngamia wa jeshi la Marekani, alivua kofia akamsomea Fatiha palepale. Mimi nilivumilia hadi siku ya tisa, magoti yalipokataa kubeba madumu ya lita 20.

Kambi tunayoirudia sasa ni ndogo, haina bwawa, nayo iko nje ya Yuma katikati ya mashamba ya saladi. Safari hii tulilipa usiku mitatu kwanza. Niliomba kuonyeshwa kiwanja chenyewe tutakachokaa, nikakitembelea saa kumi alasiri kuona kivuli kinaangukia wapi, nikauliza bei ya umeme kwa uniti na kama nguzo ya umeme ya kiwanjani ina ampea 50 au 30 tu, maana kwa 30 huwezi kuwasha viyoyozi viwili kwa pamoja. Niliuliza pia umri wa trela unaokubalika, kwa sababu kambi nyingi hukataa yaliyopita miaka kumi, na letu lina tisa. Los Algodones, mji wa Mexico ambako wazee wengi hutengenezea meno kwa bei nafuu, uko karibu. Tunaegesha upande wa Marekani na kuvuka kwa miguu tukiwa na pasipoti, ingawa foleni ya kurudi imewahi kutusimamisha saa mbili juani.

Haikosi dosari. Matrekta huanza kabla ya alfajiri, vumbi huingia hadi kwenye kabati la vyombo, na ndege za kivita za kikosi cha wanamaji kilichoko Yuma hukatiza mazungumzo ya simu. Hata hivyo kiwanja chetu kinatazama mashariki, na jirani yuko mbali kiasi cha kumpungia mkono bila kumsikia akikohoa. Tumekwisha kukilipia tena kuanzia Januari, na ninachosubiri sasa ni kusikia kama wamenunua mashine ya pili ya kufulia.