Duka la gemu pale juu Luthuli: ukiwa wa PS nenda, ukiwa wa PC soma hii kwanza

Nimekuwa mteja wa hili duka karibu miaka sita sai, tangu enzi za PS4, na sijawahi andika kitu juu yao. Lakini Jumamosi iliyopita nilikaa pale zaidi ya lisaa nikiangalia watu wakiingia na kutoka, wengine na sidii kwa karatasi ya nailoni, wengine na padi imedrift, yaani inajisogeza yenyewe, na nikaona hii stori inafaa iandikwe vizuri, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue PS, yaani PlayStation, ama ajenge PC, kompyuta ya gemu, na mimi hujibu nusu nusu tu.

Kwa asiyelijua, ni Luthuli Avenue hapa Nairobi, unaingia kwa jengo moja chini kuna spika na chaja, unapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili halafu unafuata kelele za mechi. Bango hakuna, ni karatasi imebandikwa mlangoni GEMU, PADI, SWAP, na sisi wateja tunapaita tu pale juu. Chumba ni kidogo, mkiwa watu sita mshaanza kugusana mabega. Ukuta mmoja mzima ni makasha ya PS4 na PS5, kwa kona kuna rafu ya Xbox, na Switch ziko chache zimefungiwa kwa kioo kwa sababu kakadi kake ni kadogo sana na kanapotea kwa mfuko wa mtu haraka.

Kitu cha kwanza wanachofanya vizuri kuliko duka lolote nimewahi ingia hapa tao ni swap. Unaleta sidii yako, jamaa wa duka anaigeuza chini ya taa akitafuta mikwaruzo, anaiingiza kwa mashine anaicheki mpaka menyu itokee, ndo anakuambia ongeza ngapi. Hakuna kubahatisha na hakuna ile tabia ya kukuangalia viatu ndo ataje bei. Mwaka jana nilinunua FC 25, ile gemu ya mpira, mpya kwa 8,500, nikaicheza mpaka nikatosheka, Februari nikairudisha nikaongeza ngiri moja nikatoka na gemu ingine ya hadithi ambayo ingenigharimu kitu 5,000 ikiwa used. Kama wewe ni mtu wa mpira nisikie hapa, FC usikae nayo mpaka Septemba, maana mpya huingia mwezi huo na ile ya zamani inaanguka bei kama nyanya za jioni, iswapu mapema Juni hivi kukiwa bado kuna watu wanaitafuta.

Wakati niko pale akaingia mama mmoja na kijana wake wa kama miaka kumi na mbili, amepanga kununua PS5 na amesikia kuna ya bei nafuu, ile Digital. Jamaa angeweza kumuuzia tu achukue pesa yake, lakini akamwambia, "Mama, hii haina mahali pa kuweka sidii. Huyu kijana atakuwa ananunua kila gemu kwa intaneti, bei kamili, na akichoka nayo huwezi niletea nikubadilishie. Ongeza kidogo uchukue ya sidii, ama ungoja mwezi ujao ukijipanga." Mama akamuuliza maswali kama kumi, yote akajibiwa polepole, na mwisho akaenda bila kununua, akisema atarudi. Hakuna mtu alimkunjia uso. Mimi hapo ndo huwa naona duka liko sawa.

Sasa upande wa PC. Mdogo wangu alijenga desktopu yake mwenyewe, alianza na mashine ya ex-UK, mtumba wa kutoka Uingereza, akaongezea grafiks kadi, na Jumamosi alikuwa amenituma kadi ya dola 20 ya Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za PC. Pale juu rafu ya PC ni kibodi, mausi, hedifoni na matangazo ya kadi, basi. Gemu ya PC hata moja hakuna. Nikamuuliza jamaa mbona, akaniambia alikuwa anaweka zamani ila zilikaa mpaka makasha yakabadilika rangi kwa jua, akaachana nazo.

Na si yeye tu, ni dunia nzima. Kampuni ya Valve ilifungua Steam mwaka wa 2003, na mwaka uliofuata gemu yao Half-Life 2 ikatoka na sharti kwamba hata ukiwa umeinunua kwa sidii dukani lazima uisajili kwa Steam. Kuanzia hapo, polepole, gemu nyingi za PC zikawa zimefungwa kwa akaunti yako, huwezi muuzia jirani, huwezi swapu, na muuza duka hana kitu cha kushika mkononi. Kwa hivyo ukiingia maduka ya Luthuli au Moi Avenue ukahesabu kinachouzwa utaapa PC imekufa, na hapo ndo watu wengi hukosea.

Chukua Cyberpunk 2077 iliyotoka Desemba 2020. Mwaka huo peke yake ziliuzwa nakala milioni 13.7, na wenyewe waliotengeneza, CD Projekt, wakasema zaidi ya nusu, asilimia 56, zilikuwa za PC. Ni kweli ilikuja ikiwa mbovu kwa PS4 mpaka Sony, wenye PlayStation, wakaitoa kwa duka lao la mtandaoni na haikurudi mpaka Juni 2021, kwa hivyo hiyo hesabu ilisukumwa kidogo, lakini bado. Halafu Agosti 2024 ikaja Black Myth: Wukong ya Wachina, kwa PC na PS5 siku moja, ikauza milioni 10 kwa siku tatu, na kwa Steam peke yake kukawa na watu zaidi ya milioni mbili wanaicheza wakati mmoja. Hao si watu wa kusahau.

Upande ule mwingine, wa PS na Xbox, kuna gemu ya GTA V. Ilitoka Septemba 2013 kwa PS3 na Xbox 360, ikaingiza dola bilioni moja kwa siku tatu, na watu wa PC walingoja mpaka Aprili 2015, mwaka na nusu mzima. Leo imepita nakala milioni 200 na najua watu hapa Nairobi waliinunua mara mbili, PS3 halafu PS4, mimi nikiwa mmoja wao. Na GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series bila PC kutajwa, kwa hivyo mchezo ni ule ule. Jamaa wa pale juu tayari ana watu wanampigia simu kuhusu hiyo gemu, nilimsikia akijibu mbili nikiwa nimeketi.

Shida ya kulinganisha hizi hesabu ni kwamba kila upande unahesabiwa na rula yake. Sony wanakuambia PS5 zimepita milioni 80, PS2 ilifika kama milioni 160, sawa, ni mashine na ni rahisi kuhesabu. PC utaihesabu vipi wakati hiyo hiyo ndo mtu anafungulia iTax, ule mtandao wa kodi, asubuhi na jioni anacheza? Steam hawatoi mauzo ya kila gemu, wanaonyesha watu walio ndani, na Machi 2025 walipita milioni 40 kwa wakati mmoja. Ukiweka namba za mashine kando ya namba za watu ni kama kulinganisha idadi ya matatu na idadi ya abiria.

Na kuna kitu kingine ambacho hakiko kwa hesabu yoyote, na ndo hiki kilinifanya niandike. Ile FC 25 yangu niliyorudisha Februari, jamaa aliniambia ishapita kwa watu wengine wanne tangu hapo. Kwa vitabu vya kampuni hiyo ni nakala moja imeuzwa, mara moja, na mtengenezaji hajapata shilingi kwa zile nne zingine. Ongeza zile baze za PS za mtaani, Umoja, Kayole, Githurai, mechi moja shilingi 20 au 30, sidii moja inachezwa na vijana mia kwa wiki. Hiyo yote ni "nakala moja". Kwa PC nako kuna wale wanakujazia gemu za krak, yaani za wizi, kwa hadi disk, unalipia kila gemu pesa kidogo, na hizo hazihesabiwi mahali popote kabisa. Kwa hivyo mtu akikuonyesha grafu ya mauzo Afrika akakuambia huku hatuchezi, mwambie apande ngazi pale juu Jumamosi saa nane.

Malalamiko yangu sasa, maana si yote ni mazuri. Ile kadi ya Steam ya dola 20 waliniuzia 3,200. Dola siku hizi inacheza kwa 129 hivi, kwa hivyo thamani yake haifiki hata 2,600, na juu ya hiyo nikangoja zaidi ya lisaa kwa sababu namba za kadi wanatumiwa na mtu mwingine kwa simu na huyo mtu alikuwa hapatikani. Bei hiyo ni kubwa sana na nilimwambia jamaa usoni. Alijitetea kwamba yeye pia anauziwa, sawa, lakini kama mteja hiyo si shida yangu. Tangu siku hiyo mdogo wangu anatumia ile Visa ya M-Pesa, GlobalPay, analipa moja kwa moja kwa Steam na anapata bei ile ile iko kwa skrini. Pia hungoja zile ofa kubwa za Juni na Desemba, hapo gemu ya dola 60 iliyokaa mwaka unaikuta nusu bei, na ukinunua ukaona haifanyi kwa mashine yako unarudishiwa pesa ukiwa ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya masaa mawili. Ukiwa wa PC kwa kweli hili duka halina cha kukuvuta zaidi ya mausi na hedifoni, ambazo bei yake ni ya kawaida.

Ila PC nayo ina mitego yake ya kununua ukiwa Kenya. Mei 2024 Helldivers 2, gemu iliyokuwa inauza vibaya sana kwa Steam, yaani inauza mpaka inashangaza, iliwekewa sharti la akaunti ya PlayStation, na kwa sababu hizo akaunti hazitolewi rasmi kwa nchi kama yetu, ikaondolewa kwa maduka ya nchi zaidi ya 170. Sharti likafutwa baada ya wachezaji kupiga kelele siku chache tu. Huku watu wa PS hufungua akaunti za Marekani au Afrika Kusini na maisha yanaendelea, lakini ni vizuri ujue kabla hujaweka pesa.

La pili, risiti hawatoi mpaka uombe. Mwaka juzi niliuziwa sidii used ikakwama katikati ya gemu, nikairudisha siku tatu baadaye na wakanibadilishia bila maneno, lakini hiyo ni kwa sababu wananijua. Mgeni aitishe risiti, na aitishe sidii ichekiwe mbele yake, hata kama kuna foleni nyuma.

La tatu si kosa lao. Gemu nyingi za PlayStation siku hizi zinanunuliwa kwa kupakua, kama saba kati ya kumi, na PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 haiji na mahali pa sidii, unanunua kipande chake kando. Nilimuuliza jamaa kama hilo linamsumbua. Akanyamaza kidogo, akasema padi na kutengeneza mashine ndo zitamlisha, lakini swap ndo ilimsomeshea mtoto. Mimi nitaendelea kununua sidii pale juu mpaka zikwishe kabisa, si kwa huruma, ni kwa sababu gemu ya 8,500 inayorudi ikiwa 4,000 mkononi mwangu ni bei ambayo hakuna duka la mtandaoni limewahi kunipa.

Wanafungua saa tatu asubuhi, Jumapili ni kuanzia saa sita. Lipa kwa till, keshi huwa hawana chenji. Na ukienda na ile Spider-Man 2 ya PS5 ikiwa safi, tuongee kwanza, naitafuta.