Sabufa na spika za sebuleni: nini kitangulie kununuliwa

Mtu akiingia dukani Kariakoo na kusema anatafuta muziki wa sebuleni, jambo la kwanza atakalofanyiwa ni kufunguliwa besi. Muuzaji huchomeka flashi, hupandisha sauti mpaka vioo vya kabati vitetemeke, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba kishindo kile ndio ubora wenyewe. Mimi nilinunua hivyo hivyo mara ya kwanza. Boksi lilikuwa limeandikwa wati 8,000 PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kutangazia biashara, lakini kwenye kibandiko kidogo nyuma ya sabufa, karibu na pale waya wa umeme unapoingia, paliandikwa wati 65. Kwa miaka miwili mama yangu alikuwa akiniomba nipandishe sauti ili amsikie msomaji wa habari, na kila nilipopandisha, dari ya jipsamu ilianza kulia kabla maneno hayajaeleweka.

Ndiyo maana katika mwongozo huu spika zinatangulia na sabufa inafuata. Maneno ya watu, gitaa la solo, fidla, makofi ya uwanjani, vyote hivyo vinatoka kwenye spika; kazi ya sabufa ni kushika sauti za chini ambazo spika ndogo haziwezi kuzifikia.

Kuhusu wati, namba ya PMPO iachwe kabisa, kwa sababu haina kipimo kinachokubaliwa na kila kiwanda hujiandikia kitakavyo. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa hutoa mfululizo, na hata hiyo ilinganishwe na kibandiko cha nyuma, kwa kuwa hakuna kifaa kinachoweza kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayovutwa kutoka ukutani. Tena wati zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili isikike kama imeongezeka maradufu, zinahitajika wati takriban mara 10. Kwa hiyo spika yenye desibeli 90 kwa wati moja itahitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na yenye desibeli 84 ili zilingane kwa sauti, na namba hiyo, inapokuwa imeandikwa, ina maana kubwa kuliko wati zote za kwenye boksi.

Kwa sebule ya kawaida ya mita 4 kwa 5, nafasi ya kwanza naipa jozi ya spika za mbao zenye wufa (koni kubwa ya sauti za chini na za kati) ya inchi 5 hadi 6.5 na twita yake (ile ndogo ya sauti nyembamba), zikiendeshwa na amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, au risiva, yaani amplifaya yenye redio ndani, kisha sabufa yenye amplifaya yake ndani iongezwe baadaye fedha ikipatikana. Njia hii ina faida ambayo nyingine hazina: kila kipande kinasimama peke yake, kwa hiyo kikifa kimoja hubadilishwa hicho tu, na mwenye nyumba, ikiwa risiva yake ni ya 5.1, anaweza kuongeza spika ya katikati, kisha za nyuma, hadi afikie mfumo wa 5.1 (spika tano na sabufa moja) bila kutupa alichonacho. Spika za namna hii hupatikana hata za mtumba, na nyingi kati ya hizo ni nzuri kuliko mpya za bei ileile, mradi zikaguliwe. Toa kitambaa cha mbele, kisha gusa kwa ncha ya kidole ule ukingo laini unaoizunguka koni, yaani lile bakuli linalotetemeka. Kama ni wa sponji na unabaki kama unga kidoleni, umeshaoza. Koni nayo isukume taratibu kwa vidole viwili pande zote. Ikikwaruza ndani, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeungua au imepinda, na hapo usilipe hata shilingi. Uangalifu mkubwa zaidi uwe kwenye amplifaya ya mtumba, kwa kuwa iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100 na ya Marekani volti 120, ilhali umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha, inaungua palepale. Spika zenyewe, kwa kuwa hazichomekwi ukutani, hazina tatizo hilo. Hakikisha tu kwamba ohm zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) si chini ya zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Nafasi ya pili ni saundiba, ile spika ndefu inayokaa chini ya runinga, yenye sabufa yake pembeni. Inamfaa anayeishi nyumba ya kupanga na asiyetaka waya kutambaa sakafuni. Iwe na tundu la HDMI ARC, linaloleta sauti ya runinga kwenye saundiba, ili rimoti ya runinga iongoze sauti pia. Bluetooth ibaki kuwa ya muziki wa simu, maana kwenye filamu mara nyingi sauti huchelewa nyuma ya midomo.

Sabufa za kawaida za 2.1 na 3.1, zinazouzwa kila mtaa, naziweka nafasi ya tatu, na sisemi hivyo kwa kuzidharau, kwa sababu kwa bajeti ndogo ndizo zinazowezekana. Chagua ya mbao, si ya plastiki. Inyanyue, kwani nyepesi mno huwa na sumaku ndogo na ubao mwembamba. Na hakikisha spika zake ndogo zina twita ya kweli nyuma ya kitambaa, na kitufe cha besi kimetengwa na cha sauti kuu.

Ya mwisho ni ile seti ya boksi moja yenye spika tano ndogo na sabufa. Wengi huishangaa nafasi hii. Lakini spika ya inchi 3 haiwezi kushuka chini vya kutosha kukutana na sabufa, na pengo linalobaki katikati ndipo inapokaa sauti ya mwanamume anayezungumza. Isitoshe, zote hutegemea mashine moja, ambayo ikiharibika seti nzima huwa bubu.

Kwa upande wa sabufa ya kuongeza, inchi 8 au 10 zinatosha kabisa sebule hiyo. Yenye tundu la kupumulia hutoa mshindo mkubwa kwa wati zilezile, na iliyofungwa kote hutoa besi kavu, inayokatika kwa wakati. Kwa gitaa la besi na tumba za muziki wa dansi mimi hupendelea hii ya pili. Wimbi la sauti ya 40 Hz (mitetemo 40 kwa sekunde) lina urefu wa zaidi ya mita 8, kuliko sebule yenyewe, kwa hiyo hugonga ukuta na kurudi, likijazana sehemu moja na kupotea nyingine. Dawa yake ni hii: weka sabufa kwenye kochi unapokaa wewe, fungulia wimbo wenye besi, kisha tambaa sakafuni ukitega sikio. Pale besi inaposikika safi na sawasawa ndipo mahali pa kuiweka. Nilipofanya hivyo, yangu ilihama kutoka pembeni hadi kando ya kabati, na dari ikanyamaza. Kitufe cha kugawa sauti, kinachoamua sabufa ishike sauti za kuanzia wapi kushuka, anzia 80 Hz, na swichi ya 0 na 180, inayogeuza mwelekeo wa mtetemo wa sabufa, iache kwenye upande unaotoa besi iliyojaa zaidi.

Dukani, nenda na nyimbo zako. Mwombe muuzaji ashushe besi hadi mwisho, akuwekee mtu anayezungumza, kisha taarabu yenye fidla na ganuni. Herufi «s» ikichoma masikio kwa sauti ndogo, nyumbani itakuchosha. Halafu rudisha besi na uweke kiganja ubavuni mwa boksi: mbao nzuri hutetemeka kidogo tu, dhaifu huvuma kama debe.

Bakiza fedha ya waya wa shaba halisi wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, kwani ile inayong'aa nje na kuwa alumini ndani hupunguza nguvu na hukatika ikikunjwa. Bakiza pia ya kinga ya umeme inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu volti kupita, na umeme ukikatika kabla hujainunua, chomoa kila kitu mpaka umeme urudi na kutulia.