Wodi kwanza au uzamili kwanza?

Umemaliza shahada ya uuguzi hapa Mwanza, miaka 4 na mmoja wa utarajali, na unataka kufundisha chuo kikuu. Kuunganisha uzamili moja kwa moja kunawahisha uhadhiri msaidizi. Faida yake kubwa ni hiyo.

Kuanzia wodini, tuseme hospitali ya Bugando au Sekou Toure, kunachelewesha, na zamu za usiku zinachosha mno. Lakini mama mwenye kifafa cha mimba akiwekwa kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, wewe ndiye unayehesabu pumzi (zisishuke chini ya 16 kwa dakika), unayegonga goti kuona kama mguu unaruka, unayepima mkojo. Mwanafunzi akiuliza, “Goti lisiporuka je?” unamjibu papo hapo: dozi inayofuata haitolewi. Mimi ningeanza na wodi, ila uzamili usisubiri mpaka watoto waingie sekondari.