Kalibu za Mbao za Biskuti: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayenunua kalibu ya mbao kwa mara ya kwanza huvutwa na picha iliyochongwa, iwe ya farasi au ya kinu cha upepo, ilhali cha kutazamwa kwanza ni kina cha mchongo na biskuti zitakazopikwa. Springerle za kusini mwa Ujerumani, zenye mayai, sukari, unga na anisi, hupigwa kama muhuri: donge husukumwa, kalibu ikakandamizwa juu yake na kuinuliwa, kwa hiyo mchongo hauhitaji kina kirefu. Speculaas za Uholanzi na Ubelgiji, zenye mdalasini, karafuu na kungumanga, hujazwa ndani ya kalibu iliyonyunyiziwa unga, ziada ikakatwa kwa kisu na biskuti ikagongwa hadi itoke. Kalibu ya kazi moja haifai sana kwa nyingine.

Nafasi ya kwanza naipa kalibu iliyochongwa kwa mkono katika mbao za mti wa peasi. Nyuzi za mbao hizo zimeshikana sawasawa, hivyo mistari myembamba kama ya nywele au manyoya huchongeka bila kumeguka. Hata hivyo, bei kubwa haimwondolei mnunuzi wajibu wa kukagua. Kuta za mchongo zinapaswa kupanuka kuelekea juu, kwa maana palipochimbwa kwa ndani pataling'ang'ania donge. Niliwahi kununua kalibu ya ndege mwenye shingo nyembamba iliyozama mno. Biskuti zote zilitoka bila vichwa, na muuzaji akanishauri niongeze unga, jambo lililozaa ndege wakavu wasio na vichwa.

Ya pili ni nakala ya resini, yaani aina ya plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda, na najua wapenda mbao watanuna. Nakala nzuri hutolewa juu ya kalibu za kale, huhifadhi mistari midogo na huoshwa kwa urahisi. Kwa springerle naiweka mbele ya mbao zilizochongwa kwa mashine, mradi mtengenezaji aeleze kwamba inafaa kwa chakula. Kwa speculaas, ambazo hugongwagongwa mezani, siipendekezi.

Kalibu ya mashine inashika nafasi ya tatu. Ni ya bei nafuu na hutosha kwa speculaas kubwa zenye picha sahili, ila pitisha kidole ndani ya mchongo: ukihisi vinyuzi vinavyochoma, donge litanasa hapo.

Kifimbo cha kusukumia chenye michongo ni cha nne. Hupiga picha nyingi kwa mara moja, lakini mkono ukielemea upande mmoja nusu ya picha hufifia. Donge lenye kiumuo kingi nalo huzifuta picha ndani ya oveni. Springerle hunusurika kwa sababu huachwa takribani saa 24 zikauke juu kabla ya kuokwa kwa moto mdogo.

Kalibu kuukuu yenye nyufa, matundu ya wadudu au vanishi isiyojulikana ni pambo la ukutani.

Kabla ya kulipa, omba ruhusa ya kukandamiza kipande cha udongo laini wa kufinyangia wa watoto. Usipotoka mzima, rudisha kalibu rafuni.