Nyumba ya nahodha Lamu: chumba cha mafumbo kinachowafaa watu watatu

Nimecheza vyumba vya mafumbo mara nne. Mara tatu ilikuwa katika miji mikubwa, na ya nne ilikuwa mwezi uliopita Mkomani, Lamu, ndani ya nyumba ya mawe ambayo mlangoni haina hata kibao. Biashara bado haijapewa jina. Ukifika gatini uliza nyumba ya nahodha, utaelekezwa. Tulikuwa watatu tu: mimi niliyetoka Malindi kwa basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti, mpwa wangu wa miaka 14, na khale yangu (ndugu wa kike wa mama) wa Lamu, mwenye miaka 63, ambaye hajawahi kulipia mchezo wowote maishani mwake.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mnaingia kundi moja, mnapewa muda, mara nyingi dakika 60, mnatafuta, mnafungua, mnaunganisha habari hadi mpate njia ya kutoka. Mchezo wa namna hii uliandaliwa Kyoto, Japani, mwaka 2007 na Takao Kato, na mwaka 2011 ukawa umefika Budapest, Hungaria. Lakini raha yake sisi tumekua nayo. Ni ile ile ya "Kitendawili!" "Tega!", na ukishindwa unaambiwa utoe mji. Waliotengeneza chumba hiki cha Lamu wameikumbuka hiyo, na nitaieleza mbele kwa sababu ndiyo iliyonipendeza kuliko yote.

Kwanza niseme kwa nini nilikuwa nimeanza kuuchoka mchezo wenyewe. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na wafanyakazi wenzangu wawili katika chumba kilichotangazwa kuwa cha "watu wawili hadi wanane". Chumba kilichopangiwa wanane kina kazi ya wanane. Tulikuta makufuli 11, kila moja na karatasi yake, na sisi watatu tukawa tunakimbizana huku na huku kama watumishi wa arusi. Muda uliisha tumebakiza nusu. Mafumbo yenyewe hayakuwa magumu, yalikuwa mengi. Wanane wangegawana, watatu walilemewa, na nilipotoka sikuweza kumwambia mtu hadithi ya chumba kile ilihusu nini. Ukutani palikuwa na saa ya tarakimu nyekundu, ndani ya kile tulichoambiwa ni kaburi la mfalme wa kale wa Misri.

Lamu mchezo ulianza kabla hatujajua umeanza. Tulipokewa dakani, ukumbi wa mlangoni, tukaketi barazani, tukaletewa kahawa chungu na halua, simu zikaingia kikapuni. Kijana msimamizi alimwamkia khale, akauliza habari za safari, kisha bila kubadili sauti akatwambia: mwenye nyumba ni nahodha, alisafiri na upepo wa kusi kwenda Arabuni, kaskazi imeingia na bado hajarudi. Jahazi lake la pili liko gatini na barua ya njia imefungiwa ndani. Maji yanapwa. Yakishatoka, jahazi litakaa juu ya mchanga.

Maji yenyewe tuliyaona. Katika msana, ukumbi mrefu wa mbele, imetundikwa chupa kubwa ya kioo juu ya beseni la shaba, inavuja tone kwa tone, na ubavuni ina alama. Hiyo ndiyo saa ya mchezo. Sijui kama mtu aliyezaliwa mbali na bahari angeihisi kama tulivyoihisi, lakini sisi watu wa pwani tunajua moyo unavyokwenda mtu anapotazama maji yakishuka na chombo bado hakijaondoka. Hakuna aliyehitaji kutuhimiza. Khale alikuwa akiitupia jicho chupa ile kila baada ya muda na kusema, "Haya, wanangu, yanatoka."

Na nyumba yenyewe ndiyo chumba. Zidaka (vishubaka) za chokaa ukutani, boriti za mikoko juu, mlango wa nakshi wenye mfaa, mti wake wa katikati: vyote ni vya nyumba, na vingi vina kazi katika mchezo. Unagusa ukuta na ukuta una maana. Nje punda analia, mtu anapita kichochoroni akitoa salamu, na hakuna kinachoharibika, kwa sababu hadithi inatokea Lamu na sisi tuko Lamu. Wenye vyumba vya mijini wanajitahidi kuzuia sauti za nje kwa muziki wa kutisha. Hapa wamechagua hadithi ambayo sauti za nje ni sehemu yake.

Fumbo moja nimeruhusiwa kulitaja kwa kuwa wamekwisha kulibadilisha. Palikuwa na kasha lenye kufuli la tarakimu tatu, na juu ya kifuniko limechongwa neno kwa herufi za Kiarabu: dal, alif, waw. Dau. Mpwa wangu amesoma chuoni (madrasa), akalisoma mara moja, akaanza kuhesabu herufi kama alivyofundishwa, alif, be, te. Dal ikawa ya 8, alif ya 1, kisha waw ikafika 27 na kufuli halina nafasi ya tarakimu mbili. Akahesabu tena. Alikuwa karibu kukata tamaa khale alipouliza, "Na ule ubao pale umeandikwa nini?" Ulikuwa ubao wa chuo, nao pembeni una mpangilio wa abjad, ule wa zamani ambao kila herufi ina thamani yake: alif 1, be 2, jim 3, dal 4, he 5, waw 6. Nne, moja, sita. Kasha likafunguka.

Nalisifu fumbo hilo kwa sababu jibu lote lilikuwa chumbani. Mgeni asiyejua abjad angeweza kulipata kwa kuulinganisha ubao na kifuniko. Anayeijua analipata upesi na anafurahi kwamba elimu aliyopewa na wazee imemfaa. Fumbo linalotaka ujue kitu ambacho chumba hakikukupa si fumbo, ni mtihani.

Lakini kilele chetu kilikuwa kamba. Kati ya msana na chumba cha ndani kuna tundu dogo juu ukutani, sauti inapita lakini macho hayapiti. Upande wa ndani pamewekwa ubao wenye kamba tano zilizofungwa mafundo tofauti. Upande wa msana kuna kulabu tano na kamba tupu, na mafundo lazima yafanane na yafuatane vilevile. Khale alikaa ndani kwenye kitanda cha kamba, mpwa wangu akabaki msanani, mimi nikishika ncha za kamba.

"La pili ni kama unavyomfunga punda," khale alisema.

"Punda anafungwaje, bibi?"

Kimya. Khale amefunga punda tangu utoto na mkono wake unajua wenyewe. Hajawahi kulazimika kulisema fundo kwa maneno. Nilimsikia akinong'ona peke yake, bila shaka vidole vikitembea hewani. Kisha akaanza upya, polepole: ncha ipite chini, irudi juu ya mwenzake, uache kitanzi, usikivute chote. Mpwa akakosea, akafungua, akauliza tena, na bibi yake akatafuta neno jingine. Tulitumia karibu dakika kumi hapo na sikuona mtu aliyechoka. Kulabu ya tano iliposhuka na kitu kikalia ndani ya ukuta, khale alipiga kigelegele peke yake chumbani.

Kundi la watu wachache linahitaji kitu cha namna hii: kila mmoja ashike jambo ambalo wenzake hawana, halafu waambizane. Ukiwa na watu wanane unaweza kuficha mvivu mmoja na bingwa mmoja akamaliza yote. Ukiwa na watatu, mmoja akikosa kazi, theluthi ya kundi imeketi. Chumba hiki hakina zaidi ya mafumbo saba kwa hesabu yangu, na wakati wowote yalikuwa wazi mawili, hayazidi matatu. Mnaweza kutawanyika, lakini kila baada ya muda chumba kinawarudisha mahali pamoja.

Sasa ile miji. Mwanzoni tulipewa vibao vitatu vya mti vilivyoandikwa Faza, Siyu na Malindi. Mkikwama, mnapiga hodi kwenye mlango wa ndani, na sauti ya mwanamke, bibi wa nyumba, inaitika na kusema, "Nipeni mji." Mnasukuma kibao kimoja chini ya mlango naye anawapa kidokezo, nacho mara nyingi ni kitendawili chepesi kuliko fumbo lenyewe. Sisi tulitoa Faza kwenye fumbo la zidaka. Baadaye tulitoa Siyu. Kila mara tulibishana kwanza, kwa sababu mji ukishatoka haurudi, na ubishi huo ulitufanya tujaribu mara moja zaidi kabla ya kuomba. Kwingineko nimeona kidokezo kinatokea kwenye skrini bila kuombwa, na raha ya kupata mwenyewe inakufa papo hapo.

Kasoro zipo, na nilimweleza msimamizi ana kwa ana. Fumbo la zidaka lina njia mbili za kuhesabu, na zote zinaonekana sahihi. Tulipoteza muda mrefu kwa njia ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Hatua ya karibu na mwisho ina tochi ya mwanga wa zambarau wa kuonyesha wino uliofichika. Betri ilikuwa dhaifu, na hata ingekuwa na nguvu, tochi ile ni kitu cha chumba kingine. Nahodha aliyetuwekea abjad na mafundo hangetuachia tochi. Tena ngazi ya kupanda ni ya mwinuko mkali na haina pa kushikia. Khale alipanda kwa kushikwa mkono, na mtu mwenye magoti mabovu amwambie msimamizi mapema.

Kuhusu usalama, mimi huuliza kila ninapokwenda, na nawaomba nanyi muulize. Januari 2019, mjini Koszalin nchini Polandi, wasichana watano wa miaka 15 walikufa kwa moto wakiwa katika mchezo kama huu. Hapa komeo la mlango linafunguliwa kutoka ndani wakati wowote, na tulionyeshwa hivyo kabla ya kuanza. Taa zinazofanana na za mafuta zote ni za betri.

Bei tulilipa shilingi 4,500 kwa kundi zima, si kwa kichwa, na hawachanganyi makundi. Kwa watu wachache hili ni kubwa. Nimewahi kutiwa chumba kimoja na wageni wanne ili idadi itimie, na tulitumia robo ya muda kujuana majina. Wanachukua watu wawili hadi wanne. Kwa maoni yangu watatu ndio hasa; fumbo la kamba kwa wawili litakuwa na kazi nyingi kwa anayefunga. Nendeni baada ya alasiri, kuta nene za matumbawe zinapoza lakini adhuhuri bado ni nzito.

Tulipopata barua ya njia, chupa ilikuwa imebaki na maji ya vidole viwili. Dakika chache kabla tulikuwa tumekwama kweli, nikataka tupige hodi mara ya tatu. Mpwa wangu alikataa katakata. Alikuwa amekifumbata kibao mkononi tangu tulipotoa Siyu. "Huu hatutoi," alisema, "huu ni kwetu." Msimamizi alisikia yote kutoka upande wa pili, na tulipotoka dakani hakukidai. Kibao cha Malindi sasa kiko juu ya kabati la vitabu nyumbani.