Hatimaye nimeimaliza Nemesis, gemu inayokuvua nguo ukifa mara moja tu

Nianze na hukumu kwa wenye haraka: inunue, ila usiinunue kama unatafuta kitu cha kupumzisha kichwa baada ya kazi. Mimi nauza duka la dawa hapa Mwanza, nafunga saa mbili usiku, na kuna siku nilizima hii gemu nikiwa hoi kuliko nilivyotoka dukani.

Ninayoizungumzia ni Gradius, gemu ya kurusha risasi kwa ndege angani, ya kampuni ya Konami ya Japani, ya mwaka 1985. Nje ya Japani mashine zake za arkedi (zile za kuchezea kwa sarafu) ziliuzwa kwa jina la Nemesis. Nimeicheza kwenye Switch, mashine ya Nintendo ya kushika mkononi au kuunganisha na TV, ndani ya mkusanyo wa gemu nane uitwao Arcade Classics Anniversary Collection, uliotoka mwaka 2019 kwa dola 19.99. Kama ulikulia kwenye zile kaseti za njano zilizodai zina gemu 999, huenda uliigusa ile ya Nintendo, ukafa mara mbili tatu, ukarudi zako kwa Mario. Hukukosea.

Ndege yako inaitwa Vic Viper. Inaanza haina kitu: inajikokota na risasi zake ni nyembamba. Maadui fulani ukiwaua wanaacha vidonge vyekundu (naam, vidonge, hata usiku sivikwepi). Kila kidonge unachookota kinasogeza taa hatua moja kwenye mstari ulio chini ya skrini: mwendo, makombora, risasi za pande mbili, leza, Option, na mwisho alama ya kuuliza, ambayo ndiyo ngao. Unabonyeza pale unapotaka, na taa inaanza upya. Mwenye pupa hubonyeza mwendo kila mara, mwishowe ndege ina kasi ya kujibamiza ukutani yenyewe. Mimi nachukua mwendo mara mbili basi, kisha makombora, halafu navumilia mpaka Option. Hizo ni mipira ya mwanga inayokufuata nyuma na kupiga kila unachopiga. Ukishakuwa nayo minne pamoja na leza, skrini nzima ni yako.

Na hapo ndipo inapokungoja. Kirisasi kimoja, punje ya mchele, kikikugusa, vyote vimekwenda. Huendelei pale ulipofia. Unarudishwa nyuma kidogo ukiwa mtupu, mahali ambapo maadui wamepangwa kana kwamba bado una leza. Watu husema Nemesis ni ngumu kwa sababu ya wingi wa risasi. Si kweli. Ukiwa na silaha zote, sehemu kubwa ya gemu inapitika, ingawa kadiri unavyojaza silaha nayo inazidi kukaza. Ugumu ni kuinuka baada ya kuanguka, na sijaona gemu ya siku hizi inayokudai jambo hilo kwa ukali namna hii.

Steji ya 3 ndiyo iliyonifundisha. Imejaa vichwa vya mawe, vile Moai vya Kisiwa cha Pasaka, vingine vimesimama chini, vingine vinaning'inia juu kichwa chini miguu juu, ijapokuwa miguu havina. Vinatema pete. Kichwa hakiumii popote isipokuwa mdomoni, na mdomoni penyewe mpaka kiwe kimeufungua. Pete unaweza kuzipiga zikavunjika. Sasa ukiwa mtupu, risasi zako zote zinaishia kuvunja pete, hakuna hata moja inayofika mdomoni, na skrini haikusubiri. Nilichokuja kuelewa ni kwamba si lazima kukiua kila kichwa. Unasogea karibu mapema, unakiwahi kile kimoja kinachokuzibia njia, vingine unaviacha viteme nyuma yako. Kidonge cha kwanza ukikipata, usikipoteze: mwendo. Bila mwendo hakuna mjadala.

Mkusanyo huu unakuruhusu kusevu popote, na hapa najua wapo watakaonung'unika. Mimi nilisevu pale pale gemu inapokurudisha ukifa, nikiwa sina kitu, nikapazoea mpaka vidole vikajua njia bila kuniuliza. Safari ya kumalizia nilicheza bila kusevu. Kitufe cha kurudisha muda nyuma, kama vilivyo kwenye mikusanyo mingine, hapa hakipo, nami nashukuru, maana najijua.

Tena hata waliotengeneza iliwashinda. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyekuwa akiihamishia Gradius kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo mwaka 1986. Kila akitaka kuijaribu inampiga, basi akajiwekea njia ya mkato ya vitufe: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ni ile ile waliyokuja kuitumia watu kwenye gemu ya Contra kupata maisha 30. Kwenye toleo hili la arkedi usihangaike kuibonyeza.

Bosi wa mwisho, yaani adui mkuu, je? Baada ya steji ya 5 yenye madude ya mikono mirefu inayokufuata, na ya 6 ambayo sitaki hata kuikumbuka, unaingia kwenye ngome, unapenya korido, unaukuta ubongo mkubwa umefungwa kwa mirija. Nilikuwa natetemeka. Mtoto wa kaka yangu, ambaye yeye ni mpira tu, alikuwa kakaa pembeni. Akaangalia, akaniuliza: "Shangazi, sasa bosi mwenyewe mbona hapigi?" Hapigi. Hana hata risasi moja. Unakata mirija, basi, na gemu inakurudisha steji ya kwanza, kali zaidi. Mtoto alicheka sana. Mimi nilipenda: vita vyote vilikuwa njiani.

Malalamiko ninayo. Ukiicheza mkononi, skrini ya Switch inaifanya ndogo mno, na risasi zinapotea katikati ya nyota. Iunganishe na TV. Umeme ukikatika ndiyo utashukuru kwamba mashine ina betri, lakini usitegemee kupita Moai namna hiyo. Kitabu cha kidijitali kilichowekwa ndani, chenye michoro na kumbukumbu za gemu hizi, ni kizuri, ila kukisoma kwa pedi ya kuchezea ni kazi. Muziki hauna neno. Miki Higashino ni mmoja wa waliotunga, na ule wa mwanzo kabisa, kabla ya milima ya volkano, naupiga mluzi hadi dukani.

Ndani ya mkusanyo huo huo imo Vulcan Venture, yaani Gradius II. Hii inakupa kuchagua seti moja ya silaha kati ya nne kabla hujaruka. Nimeianza juzi. Kuna majoka ya moto yanachomoka kwenye jua, na bado yananichoma.