"Huna kitu wewe": uzoefu wangu na daktari wa tumbo la mwanangu

Nampa nyota mbili, na hizo ni kwa vipimo.

Tulisubiri tangu asubuhi. Kuingia, hakugeuza hata kiti. Macho kwenye kompyuta, anasoma majibu: damu safi, choo safi, uzito unakwenda vizuri. Akamwambia mwanangu, "Huna kitu wewe." Kisha mimi: "Mama, mtoto anadeka huyu. Shule ndiyo hataki."

Nikamweleza tena. Tumbo linamuuma karibu kila wiki, miezi sasa. Akienda haja linatulia. Leo choo kigumu kama cha mbuzi, keshokutwa maji matupu. Yote nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari, siku na saa. Nikamwekea mezani. Hakulifungua. Aliweka kikombe chake cha chai juu yake! Lina duara la kahawia mpaka leo.

Ila niseme haki, maswali aliuliza. Maumivu yanamwamsha usiku? Kuna damu kwenye choo? Anatapika, ana homa, amekonda? Baadaye ndipo nilipojua kwamba hayo ndiyo maswali yenyewe, maana jibu moja tu la "ndiyo" lingetupeleka kutafuta ugonjwa mwingine. Kumbe ni IBS, yaani utumbo unaosumbua ingawa vipimo havionyeshi kitu, nayo haina kipimo cha kusema hii hapa. Hutambuliwa kwa dalili: maumivu walau siku 4 kwa mwezi, kwa miezi 2 au zaidi, yakiandamana na kwenda haja au choo kubadilika, na vipimo vikitoka safi. Kwa hiyo jibu alikuwa nalo. Lilikuwa chini ya kikombe.

Daktari wa pili alianza na mtoto, mimi nikakaa kimya (kazi kweli kweli). Akatoa ile chati ya picha za choo, aina 7, mtoto akacheka mpaka akasahau aibu, akaonyesha ya 1, ile ya mbuzi, na ya 7, ile ya maji. Akaambiwa maumivu yake ni ya kweli. Utumbo wake mwepesi wa kuhisi, na kwa kuwa utumbo na ubongo huzungumza, hofu ya mtihani inaweza kuliamsha tumbo bila yeye kujifanya. Kumbe hata lile la shule, yule wa kwanza hakuwa mbali. Nikasema labda nimemwonea, nimpandishie ziwe tatu.

Halafu nikakumbuka zile wiki za katikati. Mtoto aliacha kabisa kulalamika, nikadhani amepona. Siku moja nasikia bomba la bafuni linamwaga maji muda mrefu. Nafungua mlango, namkuta amejikunja sakafuni, amelifungulia makusudi nisimsikie akiguna.

"Unaumwa, baba?"

"Hapana mama. Sina kitu."

Nyota moja.